Uzi: Wafanyakazi wakigoma, sisi wanunuzi tuwasaidieje bila kuwaharibia?

Nyanza_Jinja (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salamu. Mgomo ukitangazwa tu hapa Uganda, iwe ni kiwanda cha Namanve, shamba la maua upande wa Entebbe au shule za serikali, makundi ya WhatsApp yanajaa neno moja: tususie. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba mara nyingi waliogoma wenyewe hawajaomba hivyo. Kuna mgomo ambao kususia bidhaa kunausukuma mbele, na kuna mgomo ambao kususia kunampa mwajiri kisingizio: mauzo yameshuka, kwa hiyo watu wapunguzwe. Aliye ndani ndiye anayejua wake ni upi.

Kwa hiyo kabla ya lolote, uliza, tena umuulize anayehusika. Si mlinzi wa getini, wala si yule aliyekutumia ujumbe uliozunguka kundi kumi. Tafuta chama cha wafanyakazi wa sekta hiyo. Chai na miwa utawakuta NUPAWU, maua kuna UHISPAWU, uchukuzi ATGWU, walimu UNATU. Usipojua ni chama gani, ofisi za mashirikisho, NOTU au COFTU, zitakuelekeza. Ukimpata katibu wa tawi muulize: mnadai nini hasa, mnataka mnunuzi afanye nini, na mpaka lini? Akisema "msinunue", mwombe tamko la maandishi lenye tarehe na mhuri wa chama. Akisema "nunueni kama kawaida ila tuchangieni unga", basi changa unga, usimletee mkakati wako.

Na mtu asikutishe kwamba kuwaunga mkono ni kuunga mkono fujo. Ibara ya 40 ya Katiba ya 1995 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja na kuacha kazi kwa kufuata sheria. Kima cha chini cha mshahara kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, nacho hakijaguswa tangu 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais hakuutia saini. Mfanyakazi wa kiwandani akidai mshahara hana sheria ya kuegemea, ana wenzake tu.

Wenye ujuzi wa pesa, duka, sheria na jiko, karibuni. Naomba mambo ya kutendeka.

---

MamaDuka_Busia

Mzee Nyanza, ahsante. Mimi nasemea upande wa duka, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea.

Sabuni iliyoko kwenye shelfu imeshalipiwa. Mwenye duka alimlipa muuzaji wa jumla, wa jumla aliilipa depo, depo ilishamalizana na kiwanda. Mkiisusia leo, anayeumia wa kwanza ni mama wa duka ambaye mtaji wake wote ni katoni chache. Kiwanda hakijasikia kitu. Kinaanza kusikia siku oda inayofuata isipokuja.

Basi shabaha yenu iwe ile oda. Muulize mwenye duka gari la depo hupita siku gani, maana kila njia ina siku zake. Siku mbili au tatu kabla, nendeni mkamwambie: safari hii usiagize ile, sisi tutanunua hii nyingine, na tutanunua kwako. Hilo la "kwako" msilisahau. Mwenye duka hawezi kuacha bidhaa inayotoka kwa ahadi ya maneno ya uadilifu, anataka kujua kesho atauza nini. Familia ishirini za mtaa mmoja zikisema jambo moja kwa siku moja, gari litaondoka na mzigo wake.

Na muda hutegemea bidhaa. Mkate na maziwa huagizwa kila siku, kwa hiyo siku mbili zinatosha kiwanda kuona pengo. Sabuni, sukari na saruji hukaa stoo wiki kadhaa. Kususia sukari kwa wiki moja ni kuchelewesha manunuzi tu, wiki ya pili watu wananunua maradufu na hesabu ya mwezi inabaki palepale. Kama hamna uwezo wa kwenda mwezi mzima, msianze.

Kwa soda na bia za chupa: msimshauri mwenye duka azuie kreti tupu. Zile ni pesa zake, na zikipotea hata mgomo ukiisha hapati mzigo.

---

Hesabu_Mbale

Dada wa Busia amesema kweli tupu. Mimi niongeze la pesa, kwa sababu mgomo mwingi haufi mahakamani, unafia jikoni na kwa mwenye nyumba. Mwezi ambao mtu hakufanya kazi halipwi. Mchango wa mnunuzi una nguvu kuliko tangazo lolote, ila ukikusanywa ovyo unageuka chanzo cha ugomvi.

Msitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama ni mwenyekiti na ni mwaminifu. Laini ikifungwa au simu ikipotea, mgomo wote umekwama. Tena minong'ono huanza siku ya tatu: fulani amenunua viatu. Akaunti ya benki ya chama yenye watia saini watatu, ambapo wawili lazima waidhinishe, ndiyo bora. Kama chama hakina, kanisa, msikiti au SACCO inayokubali kushika pesa kwa barua iliyoandikwa.

Kwenye pesa za simu kuna jambo dogo ambalo watu hulipuuza. Kodi ya asilimia 0.5 inakatwa pesa zinapotolewa taslimu, si zinapolipwa. Kila milioni moja inayotolewa inaacha 5,000 kwenye kodi hiyo pekee, na ada ya kampuni ya simu inakuja juu yake. Basi msitoe. Mwenye kinu ana namba ya biashara, mlipeni hukohuko, achukue shilingi yake, magunia yapakiwe. Duka la dawa vilevile.

Kila jioni karatasi moja ibandikwe mahali watu wanapokutania na ipigwe picha iende kwenye kundi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, sahihi mbili. Majina ya waliopokea yasiwekwe. Tumieni namba ya orodha, kwa sababu orodha ya majina ya wagomaji ikifika kwa mwajiri inakuwa orodha ya kufukuza.

Kodi ya nyumba: msimpe mgomaji pesa taslimu ya muzigo (chumba cha kupanga) kama mfuko ni mdogo, maana njaa itaila kabla ya tarehe. Nendeni kwa mwenye nyumba pamoja na mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji), mlipe nusu mwezi, mpate risiti, na nusu iandikiwe tarehe. Wenye nyumba wengi wanakubali nusu iliyo mkononi. Akitishia kutoa vitu nje, mkumbusheni kwa upole kwamba sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 haimruhusu kumtoa mtu kwa nguvu bila amri ya mahakama.

---

Sufuria_Kubwa_Kasese

Mmegusa jiko. Ngoja nitoe vipimo, kwa sababu watu huleta gunia moja la unga wakidhani wamelisha kambi.

Mlo mmoja wa watu 100 wanaokaa getini siku nzima:
unga wa posho (mahindi) kilo 30, maharagwe makavu kilo 12, mafuta lita 1 na nusu, vitunguu kilo 3, nyanya kilo 4, chumvi nusu kilo. Ukipunguza unga hadi kilo 25 unapita, chini ya hapo wa mwisho kwenye mstari wanapata ukoko.

Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe asubuhi. Yasiyolowekwa yanakula makaa karibu maradufu na saa sita mchana bado ni magumu, watu wanaondoka getini kutafuta chakula na hapo ndipo mwajiri anapiga picha kusema mgomo umevunjika. Pikeni maharagwe mahali pengine, si getini. Yaleteni yakiwa tayari kwa sufuria zenye mifuniko. Moto na masufuria karibu na lango ni sababu rahisi ya polisi kusema kuna hatari.

Kwa familia ya watu watano, wiki moja: unga kilo 10, maharagwe kilo 3, mafuta lita 1, sukari kilo 1, chumvi, mche wa sabuni. Wenye watoto wachanga waulizwe faragha, wasisimamishwe hadharani kuhesabu watoto.

Unga ukaguliwe kabla ya kulipa. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia. Ukiwa na joto au unyevu, au ukinusa ukungu, rudisha gunia lote. Usiseme tutauanika, sumu ya ukungu haiondoki kwa jua. Watu wakiumwa matumbo siku moja, imani iliyojengwa wiki tatu imekwisha.

---

Kijana_wa_Namanve

Nauliza. Tukiamua kususia, tunajuaje bidhaa ipi ni ya kiwanda kilekile? Kampuni moja ina majina matano ya sabuni. Msimbo wa mistari unasaidia?

---

Nyanza_Jinja

Kijana, msimbo wa mistari haukusaidii. Tarakimu zile zinaonyesha aliyesajili namba, hazionyeshi kiwanda bidhaa ilikotengenezwa. Usiweke orodha ya kususia kwa kutazama tarakimu za mwanzo.

Soma nyuma ya pakiti, pale palipoandikwa mtengenezaji na anwani yake. Jina la mbele ni la biashara, la nyuma ndilo la kampuni. Kwa soda, bia, maji, sigara, sukari na saruji kuna stempu ya kidijitali ya URA (mamlaka ya mapato), na programu ya simu ya Kakasa inasoma stempu hiyo. Kama mnataka kujua duka kubwa ni la nani, risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti wa URA, ina jina la kisheria la muuzaji na namba yake ya kodi, hata kama bango la nje linasema jingine. Ukishakuwa na jina la kisheria, URSB (ofisi ya usajili wa kampuni) wanafanya upekuzi wa kampuni kwa ada, utaona wakurugenzi.

Hili la majina limewahi kuumiza watu. Wachuma zabibu wa California walipomsusia mkulima mmoja mkubwa miaka ya 1960, yule akaanza kupakia zabibu zake chini ya lebo za wakulima wengine. Mnunuzi dukani akachanganyikiwa. Ilibidi chama kibadilishe wito: msinunue zabibu zozote za mezani za California. Wito huo ulikuwa rahisi kukumbuka, na mikataba ikasainiwa Julai 1970. Sisi tukijifunza moja hapo, iwe hili: wito wa kususia unaohitaji mnunuzi akumbuke majina manane umeshindwa kabla ya kuanza. Chagueni bidhaa moja, ile inayouzwa zaidi, muitaje kwa jina na kwa rangi ya pakiti.

---

Steji_ya_Wandegeya

Upande wa boda na teksi zinazoitwa kwa programu ya simu, wateja wanatuharibia bila kujua. Siku madereva wamezima simu, mteja anafungua programu, anaita, kisha anafuta "kuonyesha hasira". Kule kufuta kunaweza kuhesabiwa kwa dereva. Na nyota moja unayotoa inamshukia dereva, kampuni haina nyota.

Msifungue programu kabisa siku hiyo. Kinachoonekana kwa kampuni ni maombi kupungua. Ukilazimika kusafiri, nenda stejini, patana, lipa taslimu, na bei iwe ile ya kawaida ya programu au zaidi kidogo. Usitumie siku ya mgomo kumpunguzia. Na usimpigie simu dereva unayemfahamu ukimwomba akuchukue kwa siri, unamweka pabaya na wenzake.

---

Chaki_Tororo

Kwa wazazi. Mwezi Juni 2022 UNATU waligoma baada ya serikali kupandisha mishahara ya walimu wa sayansi peke yao, mwenye digrii akapelekwa shilingi milioni 4. Wazazi wengi walikuwa upande wa walimu, lakini walijitokeza mgomo ukiwa umeshaanza, na mwalimu alikuwa tayari anaitwa na wakubwa wa wilaya.

Watumishi wa umma wanatakiwa kisheria kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kugoma. Hizo siku 90 ndizo za mzazi! Itisheni mkutano wa wazazi, andikeni azimio fupi, ukurasa mmoja, lenye majina na sahihi, lipelekwe kwa CAO (mtendaji mkuu wa wilaya), nakala kwa DEO (ofisa elimu wa wilaya), mbunge wa eneo na wabunge watano wanaowakilisha wafanyakazi bungeni. Dai nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na mhuri haikupelekwa.

Mgomo ukianza, msiwakodi vijana waliomaliza sekondari ili wafundishe darasa la mwalimu aliyegoma. Najua mtihani wa P7 (darasa la saba) unawatia hofu. Watoto wakae nyumbani kwa mzazi mmoja, watu kumi kumi, wapitie mazoezi ya zamani wenyewe. Hiyo si kuvunja mgomo. Kumlipa mtu ashike chaki ni kuvunja. Na msimkaripie mwalimu mkuu. Yeye naye ana mwajiri juu yake.

---

Mgonjwa_Hasubiri

Mwalimu, naheshimu, lakini hospitali si shule. Mtu akifa hakuna mazoezi ya zamani. Mnataka mgonjwa naye aunge mkono?

---

Muuguzi_Arua

Ndugu Mgonjwa, swali lako ni la haki. Hakuna anayekutaka uteseke. Lakini tazama madai ya madaktari wa UMA, chama chao, walipogoma Novemba 2017: pamoja na mshahara walidai dawa na vifaa. Glavu zisipokuwepo, wewe ndiye unayetumwa kuzinunua nje.

Cha kufanya ni maandalizi. Notisi ikitoka, mwenye dawa za kila mwezi za presha, sukari au ARV aende mapema aombe za kutosha wiki kadhaa, na daftari lake la matibabu akae nalo nyumbani badala ya kuliacha kliniki. Mjamzito aulize zamu ya dharura itakuwa kituo gani. Siku ya mgomo, homa ndogo na kidonda cha zamani vipelekwe Health Centre II au III (vituo vidogo vya afya) ikiwa zinafanya kazi, ili waliobaki kwenye dharura wawahudumie wenye dharura. Ukiingia wodini usimrekodi muuguzi wa zamu ukimuuliza "mbona umegoma?" Huyo uliyemkuta hajagoma, amebaki kwa ajili yako.

---

Wakili_Kijijini

Naona mtu atataka kubeba mabango nje ya geti. Ushauri wangu: mnunuzi asichanganyike na mstari wa wagomaji. Wao wana mgogoro wa kazi unaoendeshwa kwa sheria za kazi za 2006, mbele ya ofisa wa kazi wa wilaya na baadaye Mahakama ya Viwanda. Wewe mgogoro huo si wako. Ukirusha jiwe moja, kosa litaandikwa kwao. Kaeni mbali na lango, na kusanyiko lolote polisi wajulishwe kwa maandishi mapema.

Mtandaoni: msiweke nyuso za wagomaji. Picha ya mgongo, ya mikono, ya bango, inatosha. Msiseme meneja fulani ni mwizi kama hamna hati mkononi, andikeni dai lenyewe: kiasi, tarehe, ahadi iliyovunjwa. Ukweli ulio na tarakimu haumpi mtu nafasi ya kukushtaki kwa kumchafulia jina. Na kumbukeni Facebook imefungwa hapa tangu Januari 2021, wengi hawaifikii bila VPN. Redio ya FM ya wilaya, saa ya simu za wasikilizaji, inawafikia jirani za kiwanda kuliko kurasa kumi. Piga, sema kwa lugha ya pale, sema akeediimo (mgomo kwa Kiganda) kama uko Buganda, taja tamko la chama, kata simu.

---

Mzee_wa_Namirembe

Wajukuu, la kulazimisha watu tulifunge mapema. Machi 1959 Uganda National Movement ya Augustine Kamya iliwaita watu Buganda wasinunue katika maduka ya wasio Waafrika. Wito ulishika kweli, lakini ulitekelezwa kwa vitisho: aliyeonekana ametoka dukani na kifurushi alitishwa, wengine walishambuliwa. Mwezi Mei serikali ikapiga chama marufuku. Ule haukuwa mgomo wa mishahara, na ulilenga rangi ya mtu. Hata hivyo mama aliyepigwa kwa kununua chumvi hakujali tofauti hiyo. Mtu akinunua bidhaa mnayoisusia, mpe karatasi ya tamko na umwache aende na mzigo wake.

---

Waridi_Wakiso

Kwa maua, kususia kwa mnunuzi wa Kampala hakufiki popote, maana mzigo karibu wote unapanda ndege Entebbe kwenda Uholanzi. Kule msukumo ni barua kwa mnunuzi wa nje na kwa watoa vyeti kama MPS au Fairtrade, shamba likiwa nacho. Hawapokei hasira. Wanapokea: jina la shamba, tarehe, kifungu cha kiwango kilichovunjwa, ushahidi, na barua ya chama. Iandikwe na chama, ndugu walioko Ulaya waipeleke kwenye maduka wanayonunulia.

Kitu kimoja kuhusu muda: wiki za kabla ya 14 Februari mzigo ni mkubwa na mnunuzi hana subira. Barua ileile mwezi wa Julai inasomwa polepole.

---

Hesabu_Mbale

Swali kwa wakili. Mgomo ukiisha, mfuko tuufunge siku hiyohiyo?

---

Wakili_Kijijini

Hapana, kaka. Makubaliano ya kurudi kazini yakisainiwa, tafuteni kipengele cha kutoadhibiwa aliyegoma. Kama hakipo, au kipo na watu wanaanza kuitwa mmojammoja ofisini, wiki za hatari ndiyo zimeanza. Aliyefukuzwa ana miezi 3 kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi, na wengi huipitisha kwa kusubiri huruma ya meneja. Bakizeni sehemu ya mfuko kwa nauli ya wilayani, nakala za hati na unga wa waliofukuzwa. Wekeni tarehe ya kufunga miezi 3 baada ya mtu wa mwisho kufukuzwa, na salio liingie akaunti ya tawi.

---

MamaDuka_Busia

Na mje mtuambie siku wito unapoondolewa, kwa karatasi yenye mhuri uleule. Mwenye duka akiambiwa "susia" kwa barua na "nunua" kwa uvumi, haagizi, na hapo mnawanyima kazi walewale mliowapigania. Gari la depo la kwanza baada ya makubaliano, oda iwe kamili.